Kipovu cha Kila Ijumaa

"Usinivute hivyo, mimi si mkokoteni," shangazi alilalamika, lakini mkono wake sikuuachia.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne kasoro robo asubuhi. Nilikuwa nimemburuta kutoka kituo cha basi, tukakatiza katikati ya gereji za magari, hadi mbele ya ukuta ulioandikwa kwa rangi nyeupe: VYOMBO VYA KIOO, KAZI YA MKONO, BEI NAFUU. Moyo ulikuwa unanienda mbio tangu nilipofumbua macho. Kwa wiki saba nilikuwa nikija pale peke yangu kila Jumamosi, na kila Jumamosi moyo ulikwenda mbio hivyo hivyo. Ila siku hiyo ulikuwa na sababu mbili, na sababu zenyewe hazikuwa zinapatana.

Sababu ya kwanza alikuwa ndani, mbele ya tanuri, ameshika bomba la chuma lililomfika kifuani. Wenzake walimwita Mapafu, maana kazi yake ilikuwa kupuliza. Sababu ya pili ilikuwa kesho yake saa saba mchana. Shangazi na mimi tulikuwa tumealikwa chakula kwa mama wa mfamasia aliyeniposa, na kabla sahani hazijaondolewa mezani nilitakiwa niwe nimesema kama nitaolewa na mwanawe au la. Shangazi, aliyenilea tangu nina miaka sita, alikuwa ameshanisemea ndiyo kwenye simu mara mbili.

Nimtendee haki mfamasia. Si mtu mbaya. Ana duka lake, ana viatu safi, na siku alipokuja nyumbani alikaa saa mbili nzima akitueleza namna ya kuhifadhi dawa za kikohozi. Sikuwa na kikohozi.

"Hatuendi mikono mitupu," shangazi alikuwa ameniambia tangu Jumatano. "Nataka zawadi ya heshima, lakini isiyotuumiza. Wewe si ndiye unayenijazia vioo dirishani? Nipeleke huko unakovitoa."

Nilijaribu kumgeuza. Nikasema kuna vitambaa vizuri vya meza. Akasema mama yule ana vitambaa vya kuvisha hospitali nzima. Nikataja vikapu, akaniangalia tu. Ndivyo nilivyojikuta nampeleka shangazi kumnunulia zawadi mama wa mwanamume nisiyemtaka, kwenye karakana ya mwanamume ninayemtaka, ambaye kwa wiki saba hajawahi kuniambia zaidi ya "Karibu, Miwani" na "Shika chini, usishike shingoni."

Miwani ndilo jina alilonipa. Nafanya kazi kwenye duka la miwani, si mbele kwenye kaunta wanakotabasamu, bali nyuma, kwenye chumba cha kukata lenzi. Siku nzima natafuta mikwaruzo na vipovu vya hewa ambavyo mtu mwingine asingeviona hata angelipwa. Mfukoni sikosi lenzi ndogo ya kukuzia. Kazi hiyo imeniharibu, nakiri. Siwezi kushika glasi ya maji bila kuiinua kwenye mwanga kwanza.

Tuliingia. Joto lilitupokea mlangoni.

"Karibuni, karibuni!" Mama Tanuri alitoka nyuma ya meza yake, penseli ikiwa imechomekwa kwenye nywele. Karakana ilikuwa yake, tanuri lilikuwa lake, na sauti yake ilitosha vyote viwili. "Miwani, leo umeniletea mtu!"

"Shangazi yangu," nilisema.

"Habari za kazi, mwenzangu," shangazi alisema, macho yameshaanza kuzunguka. Alikuwa amestaafu mwaka uliopita baada ya miaka thelathini na miwili kwenye chumba cha upasuaji. Kazi yake ilikuwa kuhesabu pamba na mikasi kabla mgonjwa hajashonwa. Mtu wa namna hiyo haingii mahali akaangalia hovyo.

Na palikuwa na cha kuangalia. Karibu na mlango, ukutani, ilikuwepo rafu ya juu, ile ya vyombo safi: majagi ya buluu, mabakuli ya rangi ya asali, ndege wadogo wa kioo wenye mikia iliyovutwa hadi ikawa myembamba kama uzi. Jua la asubuhi lilipitia dirishani likatupa madoa ya rangi sakafuni. Na kule ndani kabisa, pembeni ya uwazi unaoelekea kwenye tanuri, ilikuwepo rafu fupi ya mbao chakavu yenye kibandiko kimoja: KASORO, NUSU BEI.

Kupitia uwazi huo nilimwona. Alikuwa ameketi kwenye benchi lake, anazungusha bomba mapajani kwa kiganja, mbele, nyuma, mbele, nyuma, na kwenye ncha yake kioo kilikuwa chekundu bado. Aliinua macho.

"Karibu, Miwani."

"Ahsante," nikasema, na sauti ikanitoka nyembamba ajabu.

Shangazi aligeuka akanitazama. Kisha akamtazama yeye. Hakusema kitu, na shangazi asiposema kitu ndipo mtu anatakiwa aogope.

"Hii je?" aliuliza, akionyesha jagi la buluu kwenye rafu ya juu.

Mama Tanuri alitaja bei.

"Ya jagi, au ya jagi na nyumba?"

"Mwenzangu, hiyo imepulizwa kwa mdomo wa mtu! Si ya kiwandani. Hakuna mbili zinazofanana hapa."

"Hata watoto hakuna wawili wanaofanana, na hatuwauzi bei hiyo."

Mama Tanuri alicheka hadi penseli ikamwanguka. Nikaona wamependana, na nikajua tutakaa pale saa nzima. Sikuwa na haraka yoyote.

"Na zile kule nyuma?" shangazi aliuliza.

"Zile zina kasoro kidogo. Nusu bei. Huyu wako ndiye mteja wangu mkuu wa rafu ile."

"Nini?" Shangazi alinigeukia. "Kwa hiyo vyombo vyote sita vilivyoko dirishani kwangu ni vibovu?"

"Si vibovu, shangazi. Vina... vina tabia."

"Tabia!" Akashika kiuno. "Najivunia kwa majirani, kumbe navionyesha vilema!"

"Mwenzangu, usiseme hivyo, nitalia," Mama Tanuri alisema, na uso wake ukabadilika kweli. "Hujui ninavyoteseka. Jumatatu mpaka Alhamisi kazi inatoka safi. Ikifika Ijumaa, lazima kimoja kitoke na kipovu. Kimoja tu! Nimebadilisha vioo chakavu tunavyoyeyusha. Nimemwita fundi wa tanuri mara mbili, amelifungua lote, hakuona kitu. Nilishaanza kufikiri kuna jicho la mtu."

Alikwenda hadi kwenye rafu ya kasoro, akachukua kilichokuwepo siku hiyo na kunipa. Kilikuwa kimoja peke yake. Kijagi kidogo cha kijani kilichokolea, tumbo la mviringo, mdomo mdogo wa kumiminia. Kizuri mno. Nilikiinua kwenye mwanga, nikatoa lenzi yangu mfukoni, kwa mazoea tu, na nikakitafuta kipovu.

Kilikuwa pale. Vidole vitatu kutoka kwenye kitako.

Nikakunja uso. Nikakitazama tena. Mtu anayekata lenzi anajua vipovu. Kipovu cha bahati mbaya kinaingia kioo kikiwa kimetoka tu kwenye tanuri, na kioo kinapopulizwa na kuvutwa, nacho kinavutika, kinakuwa kirefu kama punje ya mchele. Hiki kilikuwa duara kamili, hakijavutika hata kidogo. Maana yake kiliingia mwishoni, chombo kikiwa kimeshapata umbo lake. Na kipovu hakiwezi kuingia mwishoni chenyewe. Mtu lazima atoboe kijishimo kwa ncha ya msumari, kisha afunike kwa tone la kioo cha moto, ili hewa inaswe ndani.

Nikakumbuka dirisha la shangazi. Chombo cha kwanza kabisa, bakuli, kilikuwa na mdomo uliopinda tu. Lakini vile vitano vilivyofuata vilikuwa na kipovu. Vidole vitatu kutoka kwenye kitako. Vyote. Nilikuwa nimeviona kila asubuhi nikipiga mswaki, mimi ninayelipwa kwa kuona, na sikuona.

"Hiki kimewekwa," nilisema kwa sauti.

Laiti ningejing'ata ulimi. Mama Tanuri alikuwa ameshanisikia.

"Kimewekwa? Kimewekwa vipi?"

"Hapana, nilikuwa nasema tu..."

"Kimewekwa na nani?" Alininyang'anya lenzi, akachungulia, ingawa nadhani aliiona pua yake tu. Halafu akageukia tanuri na karakana nzima ikamsikia. "Mapafu!"

"Nina kioo bombani, mama!"

"Njoo hapa!"

"Nikikiacha kitaanguka!"

"Basi tunakuja sisi!"

Ndivyo tulivyojipanga mbele ya benchi lake, wanawake watatu, yeye ameketi na bomba mapajani, hana pa kukimbilia. Kioo cha moto hakimsubiri mtu. Ukiacha kukizungusha kinaning'inia na kulegea kama ute wa yai, na hapo kazi ya asubuhi nzima imekwisha. Kwa hiyo alizungusha. Mkono wa kushoto ulizungusha bomba, wa kulia ulishika gazeti lililolowekwa maji, akakikanda kioo tumboni, mvuke ukapanda. Kilikuwa chombo cha maua, kirefu, cha buluu. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. Nilitamani ardhi inimeze, na wakati huo huo nilitamani isinimeze kabla sijasikia.

"Nani anaweka vipovu kwenye kazi yangu kila Ijumaa?" Mama Tanuri aliuliza.

Mapafu alisimama, akainua bomba mdomoni, akapuliza. Taratibu. Mashavu yakajaa, chombo kikatanuka kidogo. Akaendelea kupuliza.

"Usijifiche kwenye bomba!"

"Mwache apulize," shangazi alisema. "Atajibuje na chuma mdomoni?"

Akaketi. Akaanza kuzungusha tena, macho kwenye kioo.

"Ni mimi, mama."

"Wewe! Fundi wangu bora! Nimemwita mtu wa tanuri mara mbili, nimemfokea mwenye vioo chakavu wa watu, kumbe ni wewe! Kwa nini?"

Alichukua koleo, akaanza kubana shingo ya chombo, huku anazungusha. Aliposema, alikiambia kioo.

"Kuna mtu anakuja Jumamosi."

"Watu chungu nzima wanakuja Jumamosi."

"Huyu ananunua rafu ya kasoro tu." Bomba likaenda mbele, likarudi nyuma. "Wiki ya kwanza alichukua bakuli lililopinda mdomo. Hilo lilikuwa kosa la kweli. Alilibeba kwa mikono miwili akatoka nalo anacheka peke yake barabarani. Wiki ya pili akaja, rafu ikawa tupu. Alisimama pale kwa muda mrefu. Halafu akasema, 'Basi, nitakuja siku nyingine,' akaondoka. Nikajua uwezo wake ni wa rafu ile. Na nikajua akikuta tupu tena, hatarudi."

Tanuri lilikuwa linanguruma. Mimi nilikuwa bado nimekumbatia kijagi cha kijani kifuani.

"Kwa hiyo ukawa unaharibu," Mama Tanuri alisema taratibu.

"Kimoja tu kwa wiki. Na sikuharibu, mama. Nilikuwa natengeneza kile kizuri kuliko vyote vya wiki, halafu natia kipovu ili kishuke bei."

Sijui mwanamke gani angesikia hivyo akabaki mzima. Mimi sikubaki. Moyo, ule uliokuwa ukienda mbio tangu asubuhi, sasa uliruka. Wiki sita. Kila Ijumaa mtu huyu alikuwa amekaa hapa, kimya kimya, ananiwazia.

Ndipo shangazi alipofungua mdomo.

"Kijana," alisema, kwa sauti yake ya wodini, ile ya kuwapa ndugu habari, "umejitaabisha bure. Leo amekuja kumnunulia zawadi mama mkwe wake."

Mkono ulisimama.

Haukusimama sana. Ni muda wa kuvuta pumzi moja. Lakini bomba lilitulia kabisa mapajani, na mbele ya macho yetu kile kioo cha buluu kikaanza kuinama, kikaelemea upande mmoja. Mama Tanuri alipiga yowe. Mapafu alishtuka, akalizungusha bomba haraka, akalinyanyua, akakiokoa. Tumbo lilirudi sawa. Shingo haikurudi. Ilibaki imepinda kuelekea pale nilipokuwa nimesimama mimi.

"Hongera, Miwani," alisema. Hakuinua uso.

"Si mama mkwe wangu!"

Nilipiga kelele mpaka mimi mwenyewe nikajishangaa. Shangazi aligeuka.

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Shangazi, mimi sijasema ndiyo."

"Wala hujasema hapana. Mwezi mzima nakuuliza, unaniambia 'tutaona'. Nani anakataa kwa 'tutaona'?"

"Nilikuwa naogopa kukuudhi."

"Na sasa huogopi?"

"Naogopa sana. Lakini hapana. Simtaki mfamasia. Ni mtu mwema, na atampata mtu mwema mwenye kikohozi. Mimi simtaki."

Mama Tanuri alikohoa kuficha kicheko. Shangazi hakucheka. Alikuwa amesimama wima, mkoba ameushika mbele kwa mikono miwili, na nikaona kidevu chake kinatetemeka kidogo tu.

"Mimi si wa kuishi milele," alisema. "Nilitaka nikuache mahali palipoezekwa vizuri. Yule ana duka. Ana mashine mbili za kupimia presha. Huyu..." Alimwonyesha Mapafu kwa kidevu hicho hicho. "Huyu anaishi kwa pumzi zake! Siku akipata mafua mtakula nini?"

"Tuko wapulizaji watatu hapa, mama," Mapafu alijibu kwa upole, anazungusha. "Tunapokezana. Na mafua sijapata mwaka wa nne huu."

"Sikukuuliza wewe."

"Samahani, mama."

"Na mimi nakata lenzi za mji mzima," nilisema. "Nani kasema tutakula mapafu yake? Nina mshahara wangu." Kisha hasira zote zilizobaki zikamgeukia Mapafu, maana naye alikuwa na lake. "Na wewe! Nani kakuambia sina uwezo?"

Hapo aliinua uso. Alikuwa na macho mekundu kwa joto la tanuri, na alikuwa ameshangaa kweli.

"Ulinunua nusu bei kila siku."

"Ningeweza kununua rafu ya juu. Kila Jumamosi! Ningelipa bei kamili na nauli ikabaki!"

"Sasa mbona hukununua?"

Hata wale wapulizaji wengine wawili kule nyuma wakaacha kujifanya hawasikii. Nilimtazama shangazi, nikamtazama Mama Tanuri, nikaona hakuna atakayeniokoa.

"Rafu ya juu iko mlangoni," nilisema. "Mtu akisimama pale anaona barabara. Akisimama kwenye rafu ya kasoro, anaona tanuri."

"Tanuri?" Mama Tanuri aliuliza. "Tanuri lina nini cha kuonwa?"

"Na aliyekaa mbele yake," nikamalizia.

Basi. Nilikuwa nimelisema. Uso wangu ulikuwa wa moto kuliko kile kioo, na sikujali. Mapafu alinitazama. Wiki saba tulikuwa tumetupiana macho ya kuibia, nikiangalia anageuka, akiangalia nageuka, lakini safari hii hakuna aliyegeuka. Alianza kutabasamu upande mmoja wa mdomo, halafu na upande wa pili. Na katika muda wote huo bomba liliendelea kuzunguka mapajani mwake, lenyewe, kama halimhusu.

"Kwa hiyo," alisema, "vipovu vyote vile..."

"Vya bure."

"Na kukodolea rafu tupu siku ile..."

"Nilikuwa siiangalii rafu."

Alicheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Ni kicheko kikubwa, cha mtu mwenye kifua, nami kikaniambukiza, na Mama Tanuri akatufuata huku anafuta macho na kusema kwamba sisi wawili ni mabingwa wa ujinga, kwamba mmoja anaharibu kazi nzuri na mwingine anainunua, na fundi wa tanuri wa watu ameingizwa kichwa ndani ya moto kwa ajili yetu.

Shangazi peke yake hakucheka. Alisogea hadi kwenye benchi, karibu kabisa, akainama akakitazama kile chombo kilichopinda.

"Mbona ulisimama?" aliuliza.

"Nilisimama wapi, mama?"

"Mkono. Nimekutazama tangu nilipoingia. Mimi nimetazama mikono ya watu maisha yangu yote. Mwenye kazi yako amekuja anakufokea, umezungusha. Umeulizwa kosa lako mbele ya wageni, umezungusha. Umesimama mara moja tu."

"Ndiyo, mama."

"Nilipotaja mama mkwe."

"Ndiyo, mama."

"Ungekiacha kiharibike?"

"Kingeanguka. Nilikuwa nimekisahau."

Shangazi alinyooka. Alimtazama kwa muda, kisha akanitazama mimi, na ile sura ya wodini ikamtoka taratibu, akabaki shangazi yangu tu, yule aliyenifunga viatu nikiwa na miaka sita.

"Sijakubali kitu," alisema. "Msikie wote. Sijakubali kitu."

"Hapana, shangazi."

"Kesho tunakwenda kwa mama yake mfamasia kama tulivyoahidi. Utakaa, utakula, na utamwambia hapana mwenyewe, kwa mdomo wako, kwa adabu, yeye na mwanawe. Sikukulea ukatae watu kwa simu."

"Sawa, shangazi."

"Na huyu aje kwangu Jumapili ya wiki ijayo, mchana. Nimwone akiwa amekaa bila bomba." Akageukia rafu ya mlangoni. "Mwenzangu, nifungie lile jagi la buluu. Lile la bei ya nyumba."

"Si tulitafuta cha bei nafuu?" nilimkumbusha.

"Cha nafuu ni cha mtu unayemwambia ndiyo. Mtu unayemkatalia mwanawe humpelekei kasoro."

Mama Tanuri alimpunguzia bila kuombwa. Alisema ni kwa ajili ya msiba wa mfamasia, shangazi akamwambia akome, wakaondoka wameshikana mikono kwenda kutafuta karatasi ya kufungia.

Tukabaki mimi na Mapafu na kile chombo. Alidondosha maji shingoni mwa chombo, akagonga bomba, kikaachia kwenye sanduku la majivu. Akavaa glavu ndefu, akakibeba hadi kwenye oveni ya kupoozea, ambako vyombo hulala mpaka kesho yake vikipoa polepole, maana ukivitoa mapema vinapasukia mkononi.

"Hicho nakitaka," nilisema.

"Kimepinda, Miwani."

"Nimeona."

"Hiyo si ya kuweka. Ni kasoro ya kweli."

"Ndiyo maana nakitaka. Na nalipa bei ya rafu ya juu, usije ukanibandikia nusu bei yako."

Alifunga mlango wa oveni. Alivua glavu moja, kisha ya pili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona hana kitu chochote mikononi. Hakujua aiweke wapi mikono yenyewe. Nilimsaidia, nikaushika mmoja. Kiganja kilikuwa kigumu na cha moto.

"Kwa hiyo Jumamosi utakuja kukichukua?" aliuliza.

Kutoka mlangoni shangazi alikuwa ameshaanza kuniita, kwamba basi halingoji mtu, kwamba jagi ni zito, kwamba mimi ni mtoto gani.

"Nitakuja Ijumaa," nilimwambia.